Nyuzi Mbili Mfukoni mwa Mzee

Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa E, ukiupiga bila kuubana popote hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu hakina ubavu wa kutoa sauti hiyo. Kinachotoka ni zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo, halafu sikio linajazia lenyewe kilichokosekana, nawe unaamini umesikia besi. Nilijifunza besi kwa simu miaka 4 bila kulijua hilo. Nilikuwa nalala simu ikiwa sikioni, narudia kipande kilekile mara 20, nakiiga, nafurahi. Nilikuja kuelewa nilichokuwa naiga nikiwa na miaka 31, kiganja kikiwa juu ya dawati la shule ya msingi Ilala, mbele ya mzee ambaye siku ya pili tu alininyang'anya nyuzi zangu mbili.

Mimi ni mpiga besi wa kwaya, Tabata. Kazi inayonilisha ni ya dukani: naandika stakabadhi na kuhesabu mali kwenye duka la vipuri vya magari, Gerezani. Gitaa lilinifikia bila mimi kulitafuta. Kaka aliyekuwa anapiga besi kanisani kwetu alihamishiwa Dodoma kikazi, gitaa likabaki limeegemezwa ukutani nyuma ya kinanda, Jumapili baada ya Jumapili, likishika vumbi. Nilikuwa naimba sauti ya pili. Kutoka mstari wetu nililiona gitaa lile kila ibada, na kila ibada nilisikia wimbo unaelea hewani kama nguo iliyokosa kigingi. Mwisho nikamwomba mwalimu wa kwaya ufunguo wa chumba cha vyombo. Alinitazama kidogo, akasema, "Chukua dada, ila usilitoe nje ya kanisa." Baada ya mwaka akaniruhusu nilitoe.

Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na simu, bando la usiku na subira. Na kwa kweli nilifika mahali: nilijua kodi zote za nyimbo zetu, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, naweza kufuata mwimbaji akipandisha ufunguo ghafla, na nilikuwa na mbwembwe zangu chache za kupanda na kushuka haraka ambazo vijana wa kwaya walizipenda. Kilichonisumbua ni kwamba nyimbo zilikuwa nzito. Kadiri nilivyozidi kujua, ndivyo zilivyozidi kuwa nzito, na hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini.

Tangazo la warsha nililikuta limebandikwa mlangoni mwa duka moja la vyombo vya muziki. Warsha ya wapiga gitaa na besi, wiki 3, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, likizo ya Juni. Ulaya na Marekani warsha za namna hii huwekwa kiangazi kwa sababu shule zimefungwa. Kwetu likizo ya Juni inaangukia kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na hata darasa lenye paa la bati linakalika mpaka mchana. Sheria inanipa siku 28 za likizo ya mwaka. Miaka yote nilikuwa nazipeleka kijijini. Mwaka ule nilimpigia mama, nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, kajifunze vizuri usije ukapoteza vyote viwili."

Kusafiri na besi kwenye daladala ni somo peke yake. Urefu wa uzi tu, kuanzia kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, pale uzi unapofungwa mwilini, ni inchi 34, ukiongeza kichwa na mwili unapata kitu kinachokaribia urefu wa mtoto wa darasa la pili. Konda wa kwanza aliniambia, "Dada, huyo naye ana nauli yake," na nikalipa. Baada ya siku mbili nikajua kupanda gari linapoanzia, kabla halijajaa, nikae dirishani mwa nyuma, gitaa likiwa katikati ya magoti kichwa juu.

Tulikuwa watu 16. Wapiga gitaa 11, wapiga besi 4, mpiga ngoma 1. Wanawake tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja wa Kigogo aliyekuwa anapiga gitaa la nyuzi za nailoni. Walimu nao wawili. Mmoja kijana, amesomea muziki, anasoma nota kama mtu anavyosoma gazeti. Mwingine ni mzee aliyeanza kupiga gitaa la ridhimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo, kwenye bendi za dansi miaka ya 1970. Alikuja kila siku na shati la mikono mifupi lenye mfuko kifuani, kalamu moja ndani, na kitambaa cha kufutia nyuzi. Tulimwita Mzee, basi. Nilipompa shikamoo alijibu marahaba taratibu, akalitazama gitaa kwanza, kisha mimi.

Siku ya kwanza kila mmoja alipiga anachokijua. Zamu yangu ilipofika nikapiga besi ya wimbo mmoja wa zamani wa dansi niliokuwa nimeuchukua kwenye simu, nikaumaliza na mbwembwe zangu. Mzee hakusema kitu. Akachomeka kebo kutoka kwenye simu yake hadi kwenye ampu ya besi, kile kikuza sauti, akautafuta wimbo uleule, akaniambia, "Sogea hapa binti. Kaa kwenye dawati, weka kiganja juu ya mbao. Usisikilize kwa sikio. Sikiliza kwa mkono."

Mbao ikaanza kupumua. Siwezi kueleza vinginevyo. Kulikuwa na mapigo machache, makubwa, yanakuja na kukaa na kuondoka, na katikati yake kuna nafasi ambayo mimi nilikuwa nimeijaza kwa vidole miaka 4. Zile sauti nilizokuwa nazipiga kwenye nafasi zile hazikuwa za besi kabisa. Zilikuwa za nyuzi nene za gitaa la ridhimu. Simu ilikuwa imenipa ridhimu, imeninyima besi, nami nikayachanganya nikadhani ni mtu mmoja. Kanisani nilikuwa napiga kazi ya watu wawili, juu ya mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto nao ulikuwa unapiga besi. Watatu kwenye kiti kimoja. Uzito wa nyimbo zetu ulitoka hapo.

Mzee hakunihurumia wala kunisema. Aliuliza darasa zima swali moja: "Nani anataka kuwa mpiga solo?" Mikono 10 ikapanda. "Kama nani?" Wengi wakasema kama Mbaraka Mwinshehe. Sawa, nani asingependa? Mpiga solo wa Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari Kenya Januari 1979, na hadi leo gitaa lake likilia redioni watu wanaongeza sauti. "Aliyekuwa anampigia besi anaitwa nani?" Kimya. Hakuna aliyejua, na mimi mpiga besi sikujua. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea na somo. Jioni ile kwenye daladala swali lilikaa nami mpaka nikapitiliza kituo.

Siku ya pili ndiyo ile ya nyuzi. Tulikuwa tunapiga kodi tatu tu, C, F na G, kwa mwendo wa rumba, na kila tukifika kwenye G mkono wangu ulikimbilia juu kutafuta mbwembwe. Mara ya kwanza Mzee alinitazama. Mara ya pili akanyanyua kidole. Mara ya tatu akasimama, akalichukua gitaa langu kwa upole kama mtu anayempokea mtoto mchanga, akaanza kulegeza. Uzi wa G ukatoka. Uzi wa D ukatoka. Akauviringisha kila mmoja, akafunga ncha ili usifumuke, akazitia zote mbili kwenye mfuko wa shati. Kisha akakata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, akakipenyeza chini ya nyuzi zilizobaki, karibu na daraja. "Utazipata Ijumaa," alisema.

Nataka kueleza vizuri kinachotokea ukibaki na E na A peke yake, zile mbili nene kati ya nyuzi nne za besi, tena zikiwa na sponji. Kwanza, hakuna pa kukimbilia. Huwezi kupanda. Unazo sauti kama 10 za kutosha, zote chini. Pili, sponji inakata mlio: ukipiga, sauti inatoka "dum" na kufa hapohapo, haiburuzi mkia. Mkia ule ndio uliokuwa unaficha makosa yangu. Nilikuwa nawahi. Karibu kila pigo nilikuwa naliwahi kidogo, na bila mkia wa kufunika, kila mtu darasani alisikia, na mimi nikasikia kuliko wote. Ilinichukua siku nzima kuacha kuwahi. Mpiga ngoma, kijana mmoja wa Mbagala mwenye mguu mtulivu sana, ndiye aliyeniponya. Mzee alituweka tumetazamana, akaniambia nitazame goti lake la kulia, nisitazame vidole vyangu. Goti likishuka, nishuke. Hadi mchana tulikuwa tunashuka pamoja, na dawati lililokuwa jirani na ampu likaanza kulia vile lilivyolia siku ya kwanza.

Halafu kuna hesabu ya kupiga makofi. Mzee aliandika ubaoni namba 1 hadi 16 kwa chaki, akazungushia duara 1, 4, 7, 11 na 13. "Pigeni makofi kwenye duara, mengine mhesabu moyoni." Mfumo huo ni wa Cuba, ulifika kwetu na santuri za muziki wa Cuba zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, ukapita Kongo, ukapita Kariakoo, na wapigaji wetu wakauzoea mpaka wakausahau kuwa ulikuwa mgeni. Hesabu yenyewe ni rahisi kuisema. Ugumu unakuja unapoambiwa upige besi huku wengine wakipiga makofi hayo, na besi yako haianzi kwenye moja. Mimi niliyezoea nyimbo za ibada, ambako kila mlango wa wimbo unaingilia kwenye moja, nilihisi kama nimeambiwa nipande ngazi yenye kidato kilichotolewa. Nilipofumba macho nikaacha kuhesabu, nikafuata makofi ya binti wa Kigogo aliyekuwa karibu yangu, nikaingia. Sikutoka tena.

Wiki ya pili ndipo yalipokutana yote. Bendi zetu za dansi, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na baada yake Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zimejengwa juu ya magitaa yanayogawana kazi: ridhimu, solo la pili linalokaa katikati, solo, na besi chini. Mzee alitugawa wanne wanne. Akampa kila mmoja kipande kifupi, pengine sauti 4 au 5, akatukataza kuongeza hata moja. Vipande vyenyewe, ukikisikiliza kimoja peke yake, havina maana. Mpiga ridhimu wetu alipewa kitu kama mtu anayegonga mlango na kuondoka. Solo la pili lilipewa sauti mbili zinazojibizana bila kufika popote. Mimi nilipewa sauti 3 na kimya kirefu. Kijana wa solo, aliyekuja warshani na mwendokasi wa vidole wa kutisha, alikataa waziwazi: "Mzee, hiki siyo kitu." Mzee akamjibu, "Ndiyo, siyo kitu. Anza."

Tulianza. Mara ya kwanza ikavunjika. Mara ya tano ikasimama kwa sekunde chache, na katika sekunde zile nilisikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaupiga. Ulikuwa katikati yetu. Ulikuwepo kwa sababu kila mmoja alikuwa ameacha tundu na mwenzake alikuwa amelijaza. Yule kijana aliacha kupiga, wimbo ukaanguka, akasema kwa sauti ndogo, "Tena." Tukarudia mpaka kengele. Nimeimba kwaya tangu nina miaka 9 na ninajua sauti nne zinavyoshikana, lakini kwenye gitaa sikuwahi kufikiri hivyo. Simu inakufundisha kupiga kitu kizima kwa sababu uko peke yako chumbani na unataka kitu kizima. Hakuna mtu anayekaa saa 4 usiku kujifunza robo. Ile robo inahitaji watu wengine watatu waliokaa mbele yako.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama warsha ina thamani ilhali kila kitu kipo kwenye simu, namuuliza: mpiga ngoma yupo? Warsha ya besi isiyokuwa na ngoma ni nusu ya warsha. Yetu ilikuwa na mpiga ngoma mmoja kwa watu 15, na ampu moja ya besi kwa wapiga besi wanne, kwa hiyo saa nyingi wawili tulipiga na wawili tulitazama. Hilo ni la kuulizia kabla hujalipa ada.

Mwalimu kijana alikuwa na yake, na sitaki yasahaulike. Nilifika na maumivu ya kifundo cha mkono wa kushoto niliyoyaona ya kawaida. Mikono yangu ni midogo, na nilikuwa nalazimisha kidole kimoja kwa kila freti, yaani kila nafasi kati ya vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, kama nilivyoona watu wakifanya. Akaniambia kwamba karibu na kichwa cha besi freti zimeachana mno, na kwamba wapiga besi kubwa ya kusimama walilitatua jambo hilo zamani. Franz Simandl, mwalimu wa besi aliyefundisha Vienna karne ya 19, aliandika utaratibu wa kutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, hicho cha nne kikisaidiwa na cha tatu, kwa freti tatu badala ya nne. Nikajaribu. Ndani ya wiki maumivu yakapungua, na baada ya kupandisha mkanda gitaa likae usawa wa mbavu badala ya nyongani, yakaisha. Nilitaka kulia kwa uchungu wa miaka 4.

Yeye pia ndiye aliyetuonyesha gitaa la kati la Kikongo, lile wanaloita mi-composé: unaondoa uzi wa D, uzi wa nne, unaweka mwembamba uliotyuniwa D ya juu zaidi kwa oktava moja, yaani D inayofuata kwa juu. Binti wa Kigogo aliazima gitaa la nyuzi za chuma, akalibadilisha hapohapo. Lilitoa mlio mwepesi uliokaa sawasawa kati ya ridhimu na solo, ukameremeta bila kumgusa mtu. Kuanzia hapo hakulirudisha mpaka warsha ilipokwisha.

Siku moja umeme ulikatika saa 4. Besi ya umeme bila umeme haisikiki hata na mwenye nayo, hasa darasani kukiwa na magitaa 11. Nikaweka chini. Mzee akaniambia, "Lipakate. Sasa bandika taya kwenye pembe ya juu ya gitaa. Funga mdomo. Piga." Nikabandika taya. Mlio wote ukaingia kichwani kupitia mfupa, E nzima, mnene, kama niko ndani ya gitaa lenyewe. Nikatyuni kwa njia hiyo katikati ya kelele zote: freti ya 5 ya uzi mnene ilingane na uzi wa A, na kuendelea. Nayafanya hayo mpaka leo kabla ya ibada, watu wakipiga gumzo, na wanaoniona huenda wanadhani nasali.

Umeme uliporudi ukaleta jingine. Ampu ilikuwa inanguruma, na ukigusa nyuzi mngurumo unapungua. Nilikuwa nimezoea hali hiyo kanisani, niliiona kama tabia ya ampu. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na sauti ya G, freti ya 3 kwenye uzi mnene, ni kama 49, ndiyo maana mngurumo ule unasikika kama G iliyopanda kidogo. Mwalimu kijana alipousikia alisimamisha kila kitu. Akafuata waya hadi mwisho, akakuta ekstensheni ya waya mbili, haina waya wa ardhini. Akatueleza kwamba ampu ikiharibika ndani na haina njia ya kwenda ardhini, njia inakuwa ni wewe: mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye maikrofoni. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa kutoka Uskoti, alifia jukwaani Swansea alipogusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhini. Jioni ile nilienda moja kwa moja kanisani na kubadilisha ekstensheni yetu kwa hela yangu. Ukisoma hii na kanisani kwenu au kwenye bendi yenu ampu inanguruma hivyo, tafadhali fungua plagi leo uangalie waya wa tatu.

Kuhusu nyuzi: hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, jasho letu linamalizia, na seti ya besi ni ghali. Mzee alitufundisha kuchemsha nyuzi kwenye sufuria kama dakika 10, mafuta na uchafu vitoke, kisha kuzikausha kabisa kabla ya kurudisha. Mlio unarudi kwa muda. Yeye anasema walifanya hivyo sana miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na nyuzi hazipatikani madukani. Vyombo vyenyewe havikuwa vyao, vilikuwa vya chama au shirika lililomiliki bendi. Alisema kwa heshima, na nilimwelewa kwa nini alikuwa anafunga ncha za nyuzi zangu vile.

Ijumaa alinirudishia. Alizitoa mfukoni, zimefutwa, akaniwekea kiganjani. Nikamwambia, "Mzee, naomba nikae bila hizo wiki moja zaidi." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazirudisha mfukoni.

Onyesho la mwisho lilifanyika uani chini ya mwarobaini, wazazi na majirani wamekaa kwenye madawati tuliyoyatoa nje. Tulipiga nyimbo 4. Kwenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanachukua, mama mmoja aliyekuja na ndoo yake ya maandazi aliiweka chini akacheza, na mpiga solo wetu alimtazama yeye, hakutazama vidole.

Kanisani haikuwa rahisi hivyo. Mpiga kinanda wetu ni kaka ninayemheshimu, alianza kupiga kabla sijabatizwa, na mkono wake wa kushoto umebeba besi ya kwaya ile kwa miaka mingi ambayo hapakuwa na mtu mwingine wa kuibeba. Nilipomwambia, "Kaka, naomba kwenye ubeti mkono wa kushoto upumzike," alinijibu kwa upole kwamba wimbo utaanguka. Sikubishana. Nilitoa uzi wa D na wa G, nikaweka sponji, nikaanza kupiga robo yangu. Jumapili ya kwanza vijana wa kwaya waliuliza kama nimeugua. Ya pili mwalimu wa kwaya alisema waimbaji wanajisikia wenyewe vizuri zaidi, hajui kwa nini. Niliendelea, nikimtazama mpiga ngoma goti.

Jumapili ya sita, ubeti wa pili wa wimbo wa sadaka, nilisikia nafasi chini yangu. Nikageuka. Kaka alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia peke yake, macho yamefumba, na ule wa kushoto ameulaza pajani.